Mti wa Alama: Namna ya Kufanya Grafu Nyumbani

Asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi, Ziwa Tanganyika hutulia. Wavuvi wa Uvira wanarudi pwani, taa zao zimezimwa, na akina mama wanawangojea na mabeseni. Mtoto akisimama ufukoni Kalundu saa hiyo, ataona mambo mengi ya kuhesabu: mitumbwi, samaki, siku za mvua, hatua toka mlangoni kwao mpaka majini. Lakini jambo lililohesabiwa kwa kichwa husahauliwa upesi. Ndiyo maana wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari hutunza hesabu. Grafu huzionyesha. Grafu ni picha ya hesabu: mtu akiitazama mara moja anajua lipi kubwa, lipi dogo, lipi linapanda na lipi linashuka. Kuifanya si kazi ya wakubwa tu. Mtoto akiwa na karatasi, kalamu ya risasi, rula na konzi moja ya maharagwe, anaweza kuianza leo nyumbani kwao.

1. GRAFU YA NGUZO

Fikirini mfano huu. Baba mmoja huvua ndagala. Kwa mwezi mzima mtoto wake ameandika mabeseni yaliyofika nyumbani kila juma:

Juma la giza: mabeseni 21.
Juma la mwezi unaokua: mabeseni 14.
Juma la mwezi mpevu: mabeseni 3.
Juma la mwezi unaopungua: mabeseni 16.

Chukua maharagwe 54, maana 21 na 14 na 3 na 16 ni 54. Kila haragwe ni beseni moja. Yapange sakafuni kwa safu nne, safu zote zianze kwenye mstari mmoja. Sasa simama utazame. Huhitaji tena kusoma tarakimu. Safu ya mwezi mpevu ni fupi kama kidole. Safu ya giza ni ndefu kuliko zote.

Lakini angalia. Ukipanga safu moja kwa maharagwe na nyingine kwa karanga kubwa, macho yatadanganyika. Karanga 14 zaweza kuonekana ndefu kuliko maharagwe 16. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya grafu: kitu kimoja kipewe nafasi iliyo sawa kila mahali.

Kwenye karatasi, mahali pa haragwe chora vyumba vidogo vya mraba, kila upande sentimeta 1. Nguzo ya vyumba 21 ni ndefu mno kwa karatasi ya daftari. Basi useme: chumba kimoja ni mabeseni mawili. Nguzo ya kwanza itakuwa na vyumba 10 na nusu, ya pili 7, ya tatu kimoja na nusu, ya nne 8. Andika kando: "Chumba 1 = mabeseni 2." Neno hilo huitwa kipimo cha grafu. Grafu isiyo na kipimo ni kama njia isiyo na jina. Mgeni hajui inakwenda wapi.

Kisha uliza: kwa nini? Grafu haijibu swali hili, ila inalileta mbele ya macho. Wavuvi wanajua jibu. Ndagala huvutwa na mwanga wa taa wakati wa giza. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, taa ya mtumbwi si kitu tena, na samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Mama anayeiona grafu hii ataanika ndagala za juma la giza, apate za kuuza juma la mwezi mpevu, wakati sokoni ni haba.

2. GRAFU YA MSTARI

Nguzo zafaa kwa vitu vilivyo mbalimbali. Lakini jambo moja linalobadilika kidogo kidogo, kama maji ya ziwa, au urefu wa mtoto, au bei ya unga wa muhogo, lafaa kuchorwa kwa mstari.

Fikirini mtoto mwingine, wa darasa la tano, aliyekaa na wazazi wake na nyanya yake karibu na ufuko wa Kalundu. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, hatua ishirini kutoka majini. Mwanzo wa Novemba 2023 alitafuta mti ulionyoka, mrefu kuliko baba yake. Akaupima kwa rula, akaupaka rangi nyeupe na nyeusi kwa zamu, kila rangi sentimeta 10, akaandika tarakimu kubwa. Kaka yake akaupigilia imara penye maji ya kina kifupi. Rangi zilikuwa na kazi yake: mtoto aliweza kusoma mti akiwa nchi kavu. Maji ya Uvira yana viboko na mamba, na mtoto haingii majini peke yake kwa ajili ya hesabu.

Alisoma mti wake tarehe 1 ya kila mwezi, saa ile ile ya asubuhi, kabla upepo haujaamka. Maji yakichezacheza, aliangalia mahali yanapopanda na mahali yanaposhuka, akaandika katikati. Hesabu zake zilikuwa hivi:

1 Novemba: sentimeta 10.
1 Desemba: sentimeta 18.
1 Januari: sentimeta 32.
1 Februari: sentimeta 46.
1 Machi: sentimeta 58.
1 Aprili: sentimeta 74.

Sasa achore. Kwanza mstari wa kulala, chini ya karatasi: huo ni wa miezi, na kati ya mwezi na mwezi aweke sentimeta 2. Pili mstari wa kusimama, upande wa kushoto: huo ni wa maji, na kila sentimeta 1 ya karatasi ni sentimeta 10 za ziwa. Tatu, juu ya kila mwezi aweke nukta mahali panapolingana na maji. Juu ya Novemba, nukta iwe sentimeta 1 toka chini. Juu ya Machi, iwe karibu na 6, chini yake kidogo, maana 58 haijafika 60. Nne, aunge nukta kwa mistari. Tano, juu ya grafu aandike jina lake: "Maji ya ziwa, Kalundu, tangu Novemba 2023."

3. MSTARI MWEKUNDU

Mtoto huyo alikuwa na jirani, fundi mwashi. Fundi ana mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, naye hutumia kusawazisha kuta. Ukiujaza maji na kushika ncha zake mbili mahali mbalimbali, maji ya ncha hii na ya ncha ile husimama kimo kimoja daima. Mtoto akamwomba msaada. Fundi akashika ncha moja kwenye kizingiti cha mlango wao, kaka akapeleka ncha ya pili kwenye mti wa alama. Maji ya mpira yakasimama mbele ya tarakimu 100.

Basi mtoto akachora kwenye karatasi mstari mwekundu wa kulala, kimo cha 100, akauonyesha nyumbani jioni ile.

"Huu mwekundu ni nini?" baba akauliza.

"Ni kizingiti chetu, baba."

Baba akanyamaza. Akachukua rula, akailaza juu ya nukta za mwisho, akaifuata kwa kidole. Tangu Januari mpaka Aprili maji yalipanda sentimeta 42 kwa miezi mitatu, ndiyo 14 kila mwezi. Kutoka 74, mwezi mmoja huleta 88. Mwezi wa pili huleta 102. Rula ikaukata mstari mwekundu karibu na mwisho wa Mei.

Nyanya akacheka kidogo. "Mjukuu wangu, ziwa hili nalijua tangu utoto. Hupanda, hushuka."

"Ndiyo, nyanya, litashuka. Ila sijui kama litashuka kabla ya kufika mlangoni."

Nyanya hakujibu mara moja. Alikuwa akitazama nje, kwenye mwembe mzee nyuma ya nyumba. Mwisho akasema: "Mwaka 1964 nilikuwa na umri wako. Mvua zilikuwa nyingi mno miaka ile. Mawimbi yalipiga shina la mwembe ule." Akamgeukia mwanawe: "Baba, mwembe uko juu ya mlango huu, au chini?"

Wote walijua. Mwembe ulikuwa juu.

Juma lile magunia ya muhogo, godoro la nyanya, vitabu vya shule na nyavu mpya vilipandishwa kwa shangazi, upande wa milimani. Nyanya akaenda kulala huko. Majirani wengine walishangaa, kwa maana ufuko ulikuwa bado mkavu.

Tarehe 1 Mei mti ulisomeka 90. Maji yalikuwa hayajafika mstari mwekundu, wala hayakuufika kamwe. Lakini katikati ya Mei upepo mkali wa kusini ulivuma usiku, mawimbi yakapanda juu ya maji yaliyokwisha kuwa juu, yakapiga ukuta wa mbele mpaka matofali mabichi yakalainika. Alfajiri ukuta ulikuwa umelala chini. Hakuna mtu aliyeumia, na gunia hata moja halikulowa. Tarehe 1 Juni mti ulionyesha 86. Tarehe 1 Julai, 76. Nyanya alisema kweli: ziwa lilishuka. Mtoto naye alisema kweli.

4. GRAFU INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Hapa kuna fundisho kubwa. Rula ilisema mwisho wa Mei. Jambo likatokea kwa namna nyingine. Grafu si mganga wa kutabiri. Inaonyesha yaliyokwisha kupimwa, na inamfundisha mtu kukaa tayari. Mti ulipima maji yaliyotulia; haukupima mawimbi. Mwenye busara hujua grafu yake imepima nini, akaacha nafasi kwa yale ambayo haikupima.

Tena grafu ya kila mwezi yafaa kwa jambo linalokwenda polepole. Ziwa hupanda kwa miezi. Mito ya Uvira, kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, hutelemka toka milimani na kujaa kwa saa chache. Mwezi wa Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kubomoa nyumba nyingi sana. Kwa mto wa namna hiyo, kipimo cha mara moja kwa mwezi hakina msaada. Anayekaa kando yake huangalia mvua ya milimani saa kwa saa, na kukimbilia juu mapema.

5. ZIWA LETU KATIKA GRAFU

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika karibu meta 1,470. Ni la pili kwa kina duniani; la kwanza ni Ziwa Baikal la Urusi. Mwambao wake umegawanywa kati ya Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mto Rusizi huingia kwa upande wa kaskazini ukitoka Ziwa Kivu. Zamani wageni wa Ulaya walibishana kama Rusizi unaingia ama unatoka; Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi mwaka 1871, wakaona kwamba unaingia. Wenyeji walikuwa wakijua tangu kale. Mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Lakini maji mengi zaidi hayatoki kwa Lukuga. Hugeuka mvuke kwa jua na kwenda angani.

Kwa hiyo kila mwaka mstari wa ziwa hufanya kilima kidogo. Mvua huanza Septemba au Oktoba; maji hupanda mpaka Aprili au Mei; kiangazi huyashusha tena mpaka Oktoba au Novemba. Kwa kawaida tofauti haifiki meta moja. Lakini miaka mingine vilima vidogo hupandana, kama ngazi. Ilikuwa hivyo baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, na tena tangu 2020 mpaka 2024, ambapo maji yaliingia katika nyumba za Uvira, na Gatumba na Bujumbura ng'ambo ya pili.

Hizi hapa hesabu nne za kimo cha ziwa juu ya bahari, kwa kukadiria: mwaka 1878, meta 784; mwaka 1894, meta 773; mwaka 1964, meta 777; mwaka 2024, meta 777. Kushuka kwa kwanza kuna sababu yake. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliukuta umezibwa na majani na tope. Maji yalipozidi kupanda yalilivunja pingamizi hilo, yakatoka kwa nguvu, na kufika mwaka 1894 ziwa lilikuwa limeshuka meta kumi na zaidi.

6. MAKOSA MATATU

La kwanza. Ukiweka nukta hizo nne na kuziunga, mstari wa toka 1964 mpaka 2024 utalala sawasawa kama meza. Je, ziwa lilikaa pale pale kwa miaka 60? Hasha! Lilipanda na kushuka mara nyingi. Mstari kati ya nukta mbili zilizo mbali ni dhana tu. Anayetaka kujua ya katikati apime katikati.

La pili. Ukianza mstari wa kusimama kwa 0, meta 773 na 777 zitaonekana sawa. Ukianza kwa 770, tofauti itaonekana vizuri. Si kosa kuanza juu, ila lazima kuandika waziwazi kwamba umeanza kwa 770. Anayeficha mwanzo wa mstari aweza kufanya kilima kionekane mlima.

La tatu ndilo baya kuliko yote: kuandika hesabu usiyoipima. Siku umelala, au umekuwa mgonjwa, acha nafasi wazi. Nafasi wazi si aibu. Nukta ya uongo hupoteza nukta zote za kweli zilizo kando yake, kwa kuwa hakuna atakayejua ipi ni ipi.

7. WALIOTANGULIA

Grafu za namna hii ni za juzi tu. Mwaka 1786 William Playfair, mtu wa Uskoti, alitoa kitabu London chenye mistari ya kuonyesha biashara ya Uingereza kwa miaka mingi. Alipofika kwa nchi yake mwenyewe alikosa hesabu za miaka. Alikuwa na za mwaka mmoja tu. Hakuweza kuchora mstari, akachora nguzo. Basi hata umaskini wa hesabu ulimfundisha. Mwaka 1858 mwuguzi Florence Nightingale alichora picha ya hesabu kuonyesha kwamba katika Vita vya Krimea askari wengi zaidi walikufa kwa magonjwa kuliko kwa majeraha. Wakubwa wasiopenda kusoma tarakimu waliweza kuona.

Na yule mtoto wa Kalundu? Baba hakujenga tena pale pale. Alijenga juu ya mwembe. Mti wa alama ulibaki majini. Novemba ilipofika, mtoto aligundisha karatasi mpya kando ya ile ya zamani, akaanza nukta ya kwanza. Nyanya ndiye aliyeshika gundi.

MAULIZO

1. Grafu ya nguzo yafaa kwa mambo gani? Na grafu ya mstari?
2. Kwa nini mtoto alisoma mti wake saa ile ile kila mara?
3. Mpira wa fundi mwashi ulionyesha nini?
4. Maji yalipanda sentimeta ngapi tangu 1 Novemba mpaka 1 Mei?
5. Nyanya alisaidiaje grafu bila kushika kalamu?
6. Mstari mwekundu haukufikiwa, lakini ukuta ulianguka. Eleza sababu.

KAZI YA NYUMBANI

A. Chora grafu ya mtoto wa Kalundu toka Novemba mpaka Julai, pamoja na mstari mwekundu.
B. Kwa siku 30 andika kila jioni: mvua imenyesha, au haikunyesha. Mwisho wa kila juma hesabu siku za mvua, uchore nguzo. Siku mbili zitakazobaki ziandike kando.
C. Simama ukutani, mama akuwekee alama ya kimo chako. Fanya hivyo mwanzo wa kila muhula, uchore mstari wako mwenyewe.
D. Muulize mzee wa mtaa wenu: maji ya ziwa au ya mto yalifika wapi mwaka ule mbaya? Nenda naye ukaone mahali penyewe, upime hatua toka hapo mpaka mlangoni penu, uandike.

MANENO

Grafu: picha ya hesabu.
Kipimo cha grafu: neno linaloeleza chumba kimoja kina thamani ya vitu vingapi.
Kizingiti: mti au jiwe la chini mlangoni.
Mwezi mpevu: mwezi mzima wa mviringo.
Kukadiria: kusema hesabu iliyo karibu na kweli.